Diaspora ya Afrika: ni nani hasa wanaohesabiwa?

Diaspora ni watu wa asili moja waliotawanyika mbali na kwao, wakaota mizizi ugenini, na bado wanajitambua kuwa wana kwao kwingine. Diaspora ya Afrika basi ni watu wa asili ya Afrika wanaoishi nje ya bara hili, wawe wamepanda ndege mwaka jana, au wazee wao walipakiwa merikebuni miaka mia tatu iliyopita wakiwa na minyororo miguuni.

Hapa Lubumbashi, Kongo, maana hiyo imefinyika. Ukisema "diaspora" kwenye mitaa yetu ya Kamalondo au Kenya, watu wanamfikiria aliye Bulaya na anayetuma makuta, yaani pesa. Kwenye kilio, yaani matanga, anayeshika daftari la michango husoma majina ya wajomba, majirani na watu wa kanisa, halafu anafika kwenye mstari ulioandikwa tu "Diaspora", na mbele yake kiasi cha dola. Majina hayapo. Mmoja yuko Liège, mwingine Montréal, mwingine Johannesburg, wote wamewekwa kapu moja. (Aliye Johannesburg ni diaspora ya Kongo, lakini si diaspora ya Afrika, maana hajatoka barani.) Siwalaumu wanaosema hivyo. Pesa hiyo inalipa shule na hospitali za watoto wetu. Ila ukiipima diaspora kwa pesa tu, unawafuta mamilioni ya watu.

Hao ni wajukuu wa waliouzwa. Kati ya karne ya 16 na ya 19, Waafrika wapatao milioni 12.5 walipakiwa kuvushwa Atlantiki, na karibu milioni 1.8 kati yao walifia baharini. Karibu nusu ya wote hao walitokea upande wetu wa Afrika: Loango, mlango wa Mto Kongo, Luanda, Benguela. Hakuna bandari ya Afrika iliyopakia mateka wengi kuliko Luanda. Brazil peke yake ilipokea karibu milioni 4.9, na ndiyo nchi ya mwisho ya Amerika kufuta utumwa, mwaka 1888.

Huko Brazil, katika jimbo la Minas Gerais, kuna sikukuu ya Bikira Maria wa Rozari. Vikundi vya ngoma hupita barabarani, vingine vikiitwa Congo, vingine Moçambique. Wale wa Moçambique hujifunga vifundoni makopo madogo yenye punje ndani, kila hatua inalia, na kazi yao ni kuwasindikiza mfalme na malkia wa Kongo waliovikwa taji. Wachezaji hao hawatutumii hata senti. Wengi hawawezi kukutajia kijiji cha wazee wao, kwa sababu kwenye vitabu vya wauzaji mtu aliandikwa Maria Angola au João Benguela, kwa jina la pwani alikopakiwa. Pamoja na hayo, tangu enzi za utumwa hawajaacha kumvika taji mfalme wa Kongo. Kama hiyo si diaspora, sijui tuiite nini.

Haiti nayo ni ndugu wa karibu. Wengi waliopigana hadi uhuru wa 1804 walikuwa wamezaliwa Kongo. Baada ya 1960, nchi yetu ilipokosa walimu na madaktari kwa sababu Wabelgiji walikuwa wameondoka, Wahaiti wengi walikuja kufundisha na kutibu huku. Mtengeneza filamu Raoul Peck, mzaliwa wa Port-au-Prince, alikulia kwetu kwa sababu hiyo. Muziki pia ulirudi: sahani za santuri za Cuba zilipofika miaka ya 1930, Wakongomani waliusikia mdundo wao wenyewe, na rumba yetu ikazaliwa.

Upande wa mashariki husahauliwa, nasi tunaosema Kiswahili hatuna udhuru wa kuusahau. Bunkeya, mji wa mfalme Msiri wa huku Katanga, aliyeuawa mwaka 1891, iliuza pembe za ndovu, shaba na watu kwa wafanyabiashara wa Benguela na kwa wale wa pwani ya Zanzibar pia. Misafara ya aina hiyo ndiyo iliyokisambaza Kiswahili katika mashariki ya Kongo. Ng'ambo ya Bahari ya Hindi wako Wasiddi, watu wa asili ya Afrika wa Gujarat na Karnataka nchini India, na ndugu zao wa Pakistani. Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa akiwa mtoto, ndiye aliyeshika hatamu za ufalme wa Ahmadnagar huko India na kuwasumbua Wamoguli, watawala wa dola kubwa ya kaskazini, mpaka alipofariki mwaka 1626.

Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulipitisha marekebisho ya mkataba wake ili kuialika diaspora, na leo unaihesabu kuwa kanda ya sita ya bara. Kwa maelezo yake ya 2005, hawa ni watu wa asili ya Afrika wanaoishi nje, bila kujali uraia wao, walio tayari kuchangia maendeleo ya bara. Hapo kwenye kuchangia ndipo ninapokataa. Mtu ambaye nyanya yake aliuzwa hadaiwi mchango ili atambuliwe kuwa ndugu.

Sheria yetu inabana zaidi. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2006 kinasema uraia wa Kongo ni mmoja tu na hauchanganyiki na mwingine. Mtu wa mtaa wetu wa Katuba aliyechukua pasipoti ya Ubelgiji ili apate kazi anaomba viza kama mgeni akija kumzika mama yake. Benin, kwa sheria ya Septemba 2024, imefungua uraia kwa mtu anayeweza kuthibitisha kwamba mzee wake mmoja alichukuliwa utumwani kutoka Afrika kusini ya Sahara, hata kama hakutoka Benin. Wabunge wetu waisome sheria hiyo, kisha wakifungue upya kifungu cha 10.