“Haijai milele” na mengine tunayoambiwa kuhusu bakteria wa majitaka

Mtambo mkubwa wa kusafisha majitaka ya Nairobi uko Ruai, lakini ploti nyingi za huko huko hazina laini ya sewa. Anayejenga huchimba bayodaijesta, yaani tangi la chini ya ardhi ambamo bakteria huozesha majitaka ya choo, na fundi humwambia kwamba haijai milele, pamoja na maelezo mengine ambayo nusu yake ni kweli.

Dhana: Ukiweka bayodaijesta, umeagana na eksosta (lori la kunyonya majitaka).

Bakteria wasiohitaji hewa hula kinyesi na kukigeuza kuwa maji na gesi, hasa methani na kaboni dayoksaidi. Lakini hawamalizi chote. Mchanga, nyuzi na mabaki ya bakteria wenyewe hutua chini. Fungua kifuniko cha tangi la miaka kadhaa uone: juu utando mzito wa mafuta, katikati maji ya kijivu, chini tope jeusi. (Chungulia tu, usiingie wala usiwashe kiberiti. Gesi ya humo huua.) Utando na tope vikichukua theluthi ya kina cha tangi, ita eksosta. Ukichelewa, tope litavuka hadi kwenye shimo la kunyonya, ambako maji ya tangi huingia udongoni, na kuliziba.

Na hapo kwenye shimo ndipo bakteria husingiziwa mengi. Upande wa Ruai, Njiru na Embakasi kuna ule udongo mweusi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi, kisha ukilowa unavimba na kujifunga. Mvua ya Aprili ikikolea, maji hayana pa kwenda, choo kinarudisha, na mwenye nyumba anakimbilia dukani kununua paketi ya bakteria! Paketi haitoboi udongo. Kabla ya kujenga, chimba kishimo, kijaze maji kilowe usiku kucha, asubuhi uongeze maji na kuangalia yanashuka kwa kasi gani.

Dhana: Lazima uwaongeze bakteria kila mwezi.

Kila anayeenda choo anawaleta mabilioni, bure. Tangi jipya huhitaji wiki kadhaa tu kutulia.

Dhana: Tone la klorini linawamaliza wote.

Kuosha choo kwa kipimo cha kawaida hakuna neno. Chupa nzima kwa mkupuo, hilo ni jambo jingine, ingawa hata hapo watazaana tena. Mimi ningehofia zaidi nepi, pedi na mafuta ya kukaangia, maana hivyo hawaviwezi.

Dhana: Maji yakitoka meupe, mwagilia sukuma wiki.

Hii ndiyo hatari kuliko zote. Bakteria wa tangini hupunguza uchafu, hawaui vijidudu vyote vya magonjwa, na mayai ya minyoo hukaa udongoni miezi mingi yakiwa hai. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za 2006 zilitaka maji yanayoachiliwa kwenye mazingira yasiwe na E. koli (bakteria wa kinyesi) hata mmoja katika mililita 100. Tangi peke yake halifiki hapo. Hata mtambo wa Ruai, wenye bakteria wasiohesabika, hupitisha maji kwenye mabwawa ya kina kifupi ili jua na muda vimalizie vijidudu.

Kama unataka kuyatumia, yapitishe kwa bomba chini ya ardhi hadi kwenye migomba au miti ya kivuli. Sukuma mwagilia kwa maji ya mvua.