Je, wajua kuna rais wa Marekani aliyestaafu akarudi kuwa mbunge wa kawaida?

Anaitwa John Quincy Adams, rais wa 6, mtoto wa John Adams aliyekuwa rais wa 2. Alitoka Ikulu 1829 baada ya kupigwa vibaya na Andrew Jackson kwenye uchaguzi, mwaka uliofuata watu wa kwao Massachusetts wakamwambia gombea ubunge, mzee akakubali na akashinda, mkewe na mwanae Charles hawataki hata kusikia, waliona anajishusha.

Sasa kilichomrudisha ni nini? Hela nayo ilichangia kidogo, maana pensheni ya marais kule imeanza 1958 tu. Ila mi naona kilichomuuma zaidi ni uchaguzi wa 1824. Hakuna aliyefikisha kura za kutosha za wajumbe wanaomchagua rais, Jackson alikuwa na 99 na Adams 84, Bunge likaamua wakampa Adams kwa msaada wa Henry Clay, halafu ghafla Clay huyohuyo kawa waziri wa mambo ya nje! Watu wakasema hii ni dili, na miaka minne yote akatawala na doa hilo. Ubunge alipewa na wananchi bila mizengwe, kwenye shajara yake akaandika kabisa kwamba kuchaguliwa rais hakukumpa raha hata nusu ya hiyo.

Na huko bungeni aliwasumbua watu jamani. 1836 wakapitisha kanuni kwamba maombi ya kupinga utumwa yawekwe kando, hakuna kusoma wala kujadili, yeye kila mara anasimama na rundo la maombi mkononi. Siku moja 1837 akamuuliza Spika, nina ombi limetoka kwa watumwa, nalo linaingia kwenye kanuni? Wabunge wa majimbo ya Kusini yaliyokuwa na watumwa wakalipuka, wengine wanataka akemewe rasmi, kumbe hilo ombi lilikuwa linaomba utumwa USIFUTWE, aliwaingiza mjini mchana kweupe. Kanuni yenyewe ilikuja kufutwa 1844. Katikati hapo, 1841, akiwa na miaka 73, alisimama Mahakama Kuu kuwatetea Waafrika waliotekwa wakafanywe watumwa, wakaasi kwenye meli ya Amistad, na wakaachiwa huru.

Februari 21, 1848, Bunge linataka kuwapongeza majenerali wa vita na Mexico, mzee kasema "hapana" kwa sauti, muda mfupi baadaye akaanguka palepale kwenye meza yake. Wakambeba mpaka chumba cha Spika, na siku mbili baadaye akafia humohumo bungeni.