"Nasubiri wanipokee simu": dhana potofu kuhusu mafao ya kukosa ajira Marekani

Wiki hii nimeisikia tena, kwa watu watatu wasiojuana: "Kaka, siwezi kudai wiki zangu, sijampata mtu kwenye simu." Kazi yangu ni kuwasaidia wenzetu wanaozungumza Kiswahili walioachishwa kazi hapa Marekani kudai mafao ya kukosa ajira, yaani fedha ambazo jimbo humlipa aliyepoteza kazi. Wengi wao ni ndugu zetu wa Kongo kutoka viwanda vya nyama na maghala. Hakuna kauli inayowapotezea fedha kama hii.

Kufungua dai ni jambo moja, kuthibitisha wiki, yaani kudai malipo ya wiki zilizopita, ni jambo jingine, na kuongea na mhudumu wa ofisi ya mafao ni la tatu. Hilo la tatu halizuii la pili. Ukishafungua dai, kila wiki kama uko New York, au kila baada ya wiki mbili kama uko Texas au California, unajibu maswali yaleyale. Ulikuwa na uwezo wa kufanya kazi? Ulikuwa tayari kuitwa? Ulitafuta kazi? Ulikataa kazi yoyote? Ulipata kipato? Majibu unayaingiza mtandaoni au kwa laini ya mashine, ambayo namba yake si ile ya wahudumu. Huko humsubiri mtu. Unaweka namba yako ya siri, unajibu, unakata simu.

Mama mmoja alinikaribisha nyumbani kwake nikamkuta mezani. Simu iko juu ya kitambaa, spika imewashwa, muziki wa kusubirisha unajirudia, dakika ya 40 na kitu. Pembeni kuna bahasha tisa, sita hazijafunguliwa. Dai lake lilikataliwa kwa maelezo kwamba aliacha kazi kwa hiari yake, akakata rufaa na akashinda. Tulipoingia kwenye akaunti yake tukakuta wiki 11 hazijathibitishwa hata moja. Alidhani maadamu kesi haijaisha, hakuna cha kuthibitisha. Rufaa ilimpa haki ya kulipwa, lakini hapakuwa na wiki zilizodaiwa. Tuliandika kuomba azithibitishe kwa kuchelewa, zikapokelewa tatu. Nane zikapotea, na kodi ya nyumba ilikuwa inamsubiri.

Kwa hiyo kila anayeketi mbele yangu namwambia: dai linachunguzwa, thibitisha. Umekataliwa na umekata rufaa, thibitisha. Simu haipokelewi tangu Jumatatu, thibitisha. Ukipata vibarua vya siku mbili, thibitisha pia na utaje kipato chote kabla ya makato, kwenye wiki uliyofanya kazi, si wiki hela ilipoingia benki. Hapo kwenye kipato ndipo watu hujikuta wanadaiwa kurudisha fedha.

Dhana ya pili inakaribia kuniudhi kama hiyo: "Mwanangu anajua Kiingereza, ataongea yeye." Tafadhali, msimpe mtoto simu hii. Kwa Kiswahili, kati ya "niliacha" na "niliachishwa" kuna tofauti ndogo tu ya sauti, lakini kwenye dai tofauti hiyo ni kulipwa au kukataliwa. Mtoto wa miaka 12 akisikia "kazi niliachishwa" hutafsiri kwamba mama aliacha kazi, mhudumu anaandika hivyo, na barua ya kukataliwa inakuja. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazibana ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu zisimbague mtu kwa asili ya taifa lake, na ndiyo maana wanapaswa kukupa mkalimani bure. Mhudumu akipokea, sema neno moja, "Swahili", kisha tulia laini isikatike hadi mkalimani aingie. Naye mwambie kilichotokea bila kutumia neno "kuacha" kabisa: kiwanda kilipunguza watu, zamu yangu ilifutwa, msimamizi aliniambia nisirudi.

"Nilikata rufaa kwa simu." Kumlalamikia mhudumu si rufaa. Texas hawapokei rufaa ya simu. Unaituma mtandaoni, kwa posta, kwa faksi, au unaipeleka mwenyewe ofisini. Watu huchanganya kwa sababu kesi yenyewe mara nyingi husikilizwa kwa simu. Siku huhesabiwa tangu barua ilipotumwa, si tangu ulipoifungua: Texas 14, Pennsylvania 21, California 30. Zile bahasha sita za mezani ndizo zinazonitoa jasho.

"Nitaenda ofisi ya Social Security." Hiyo ni ofisi ya pensheni ya serikali kuu, haishughuliki na hili. Mafao haya yanaendeshwa na jimbo, na unayadai katika jimbo ulikofanyia kazi, hata kama umeshahamia kwingine.

"Ni fedha nilizokatwa mshahara." Karibu kote kodi inayogharimia mafao haya hulipwa na mwajiri. Alaska, New Jersey na Pennsylvania tu ndizo humkata na mfanyakazi.

"Nikidai, nitaharibu makaratasi yangu." Mkimbizi anayeomba ukaazi wa kudumu, sheria ya uhamiaji imemwondoa kwenye kipimo cha kutegemea msaada wa serikali. Unachotakiwa kuwa nacho ni ruhusa halali ya kufanya kazi Marekani.

"Ukikata na kupiga upya unaruka foleni." Unaipoteza nafasi yako, basi. Mashine ikikuambia watakupigia baadaye, kubali. Halafu pokea hata namba usiyoijua, kwa sababu mhudumu akitaka kukuhoji kuhusu ulivyoondoka kazini na asikupate, uamuzi hutolewa kwa maelezo waliyonayo, na mara nyingi hayo ni ya mwajiri peke yake. Futa ujumbe wa sauti wa zamani leo, ili wa kwao upate pa kuingia.