Gari Linatetemeka Kwenye Mwendo wa 90: Anzia Kwenye Balansi ya Magurudumu

Kuna mtetemo usioonekana mjini. Ukiwa kwenye foleni ya Ubungo au Mbezi husikii kitu. Ukishaipita Kibaha na mshale ukafika 80, stelingi inaanza kutikisika mikononi. Kwenye 95 au 100 hali inazidi, na wakati mwingine ukiongeza mwendo inatulia tena. Wenye magari wengi wanaofika kwenye karakana yetu ya mafunzo na tatizo hili huwa wamekwisha kubadilisha shokapu, bushi na tairodi. Pesa imekwenda na mtetemo upo palepale. Tukiwauliza kama walibalansi matairi, yaani walisawazisha uzito kuzunguka gurudumu, wanajibu ndiyo, tena zaidi ya mara moja.

Ni kweli walibalansi. Kasoro iko kwenye namna kazi ilivyofanywa.

Chukua gari dogo lenye matairi ya 195/65 R15. Kwenye kilomita 100 kwa saa, kila gurudumu linazunguka takribani mara 14 kwa sekunde moja. Sehemu moja ya ukingo wa rimu ikizidi uzito kwa gramu 30 tu, gurudumu linavutwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo nne na nusu, na mvuto huo unazunguka nalo, juu, mbele, chini, nyuma, mara 14 kila sekunde. Ukipunguza mwendo hadi 50, nguvu hiyo haishuki kwa nusu, inashuka hadi robo. Ndiyo sababu mjini huisikii. Pia kila gari lina mwendo ambao mtikisiko wa magurudumu unakutana na mtikisiko wa asili wa vyuma vinavyolibeba, na hapo ndipo mtetemo unapopanda kabla ya kupungua.

Mahali unapousikia mtetemo panakupa fununu. Ukiwa kwenye stelingi, shuku magurudumu ya mbele kwanza. Ukiwa kwenye kiti na sakafuni huku stelingi imetulia, shuku ya nyuma. Unaokuja pale tu unapokanyaga breki unahusu zaidi diski au ngoma za breki. Unaokuja ukikanyaga mafuta na kuondoka ukiachia unaelekeza kwenye shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Gari linalotetemeka likiwa limesimama na injini inawaka lina shida ya maunti, yaani mipira inayoshikilia injini, au injini yenyewe. Gari linalovuta upande mmoja, au linalokula tairi upande, linahitaji alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, na alaimenti si balansi. Watu wengi hulipia alaimenti wakitarajia iondoe mtetemo wa mwendo kasi, wakarudi wamekata tamaa bure.

Sasa twende kwenye mashine ya kubalansi, inayolizungusha gurudumu na kuonyesha uzito unakopungua, maana hapa ndipo kazi inapoharibika. Gurudumu lioshwe kwanza, hasa ndani ya rimu. Baada ya msimu wa mvua, magari yanayopita barabara za vumbi hubeba udongo uliokaukia upande wa ndani, usioonekana ukisimama nje. Fundi akibalansi juu ya udongo huo, kipande kikidondoka siku ya pili balansi yote imeondoka nacho. Vizito vya zamani, vile vipande vidogo vya metali vinavyowekwa kwenye rimu kusawazisha uzito, vitolewe vyote. Ukiona fundi anaongeza kizito kipya pembeni ya cha zamani, mwombe aanze upya.

Kisha kuna koni, kile chuma kinachoingia kwenye tundu la katikati ya rimu na kulishika gurudumu kwenye shafti ya mashine. Koni isiyolingana na tundu, au tundu lenye kutu, hulifunga gurudumu nje ya kitovu chake. Mashine haiwezi kujua hilo. Itapima kwa uaminifu gurudumu lililokaa vibaya, itaandika sifuri mwishoni, yaani hakuna kizito kinachohitajika tena, na gari litaendelea kutetemeka. Vipimo vitatu anavyoingiza fundi, yaani umbali wa rimu kutoka kwenye mashine, upana wake na kipenyo chake, navyo vipimwe kwa kila gurudumu, visikisiwe kwa macho.

Kuna jaribio moja ninalowahimiza wateja waliombe bila kuona haya. Mashine ikishaonyesha sifuri pande zote mbili, fundi alegeze nati ya mashine, alizungushe gurudumu nusu mzunguko huku shafti imetulia, alikaze na kulipima tena. Sifuri ikirudi, au ikitoka tofauti ya gramu chache, kazi ni nzuri. Ikitoka 25 au 30, gurudumu halikukaa katikati, na ile sifuri ya kwanza haikuwa na maana. Jaribio hili linachukua dakika mbili. Fundi anayeijua kazi yake hatachukia kuombwa.

Vizito vikae pande zote mbili za gurudumu, ndani na nje. Kasoro ya uzito inaweza kulifanya gurudumu liruke juu na chini, na inaweza pia kulifanya liyumbe kulia na kushoto. Kizito cha upande mmoja hutibu kuruka, hakitibu kuyumba. Kwa rimu za aloi hutumika vizito vya gundi, na mahali vinapobandikwa pafutwe kwa spiriti mpaka pang'ae, la sivyo joto la breki na maji ya mvua vitavibandua.

Gurudumu la gari dogo likidai zaidi ya gramu 100, simama hapo, usikubali tu kurundika vizito. Tairi ivuliwe na kuzungushwa nusu mzunguko juu ya rimu, kisha ipimwe upya. Matairi mengi mapya yana doa la njano ubavuni linaloonyesha sehemu nyepesi, na doa hilo linatakiwa likae usawa wa vali. Angalia pia kilichomo ndani. Nimeona tairi zenye maji yaliyoingia na upepo wa kompresa isiyomwagwa maji yake, zenye dawa ya kuzibia pancha inayochezacheza, na zenye tyubu ndani ya tairi isiyohitaji tyubu. Hakuna kizito kitakachosawazisha kitu kinachohama.

Gurudumu likiwa bado linazunguka kwenye mashine, chuchumaa ulitazame kwa ubavu. Weka ncha ya kalamu karibu na ukingo wa rimu bila kuigusa na utazame ile nafasi. Ikipanuka na kufinyika, rimu imepinda, mara nyingi kwa shimo la barabarani. Fanya hivyo hivyo kwenye uso wa tairi. Tairi yenye uvimbe au nyoka nyoka kwenye uso wake imeanza kuachana nyuzi kwa ndani. Hiyo usiibalansi na usiifanye spea. Itoe barabarani, kwa sababu tairi ya namna hiyo hupasuka kwenye mwendo, na gari lina watu. Ukinunua mtumba, soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kama yote haya yamefanyika na mtetemo upo, hamisha magurudumu ya mbele yaende nyuma, iwapo saizi na mwelekeo vinaruhusu. Mtetemo ukihama kutoka kwenye stelingi kwenda kwenye kiti, kasoro iko kwenye tairi au rimu, hata kama mashine ilisema sifuri. Ukibaki kwenye stelingi, sasa una sababu ya kupiga jeki na kuyatikisa magurudumu: juu na chini kutafuta beringi na boli jointi, kushoto na kulia kutafuta tairodi.

Wakati wa kurudisha gurudumu, uso wa habu, yaani kitovu cha gari kinachofungiwa gurudumu, usuguliwe kutu kwa brashi ya waya. Rimu za kununua ambazo tundu lake ni kubwa kuliko habu ziwekewe pete ya kuzisimamisha katikati. Nati zikazwe kwa kupishana, kwanza kwa mkono, halafu kwa spana ya kipimo; kwa Toyota nyingi ndogo ni takribani Nm (nyutoni-mita) 103. Bunduki ya upepo isiachiwe kumalizia. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, simama mahali salama na tambarare, gari likiwa limepoa, uzikaze tena kwa kipimo kilekile.