Namba Zinapomtangulia Mtoto Kufikiri

Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa ufundishaji wa hisabati mjini Grenoble, Ufaransa, waliwauliza watoto wa miaka 7 hadi 9: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, 76 walizichukua namba hizo, wakazipigia hesabu na kutaja umri.

Watoto hao hawakuwa wajinga. Darasani walishazoea kwamba kila swali lina jibu na kila namba iliyotajwa lazima itumike. Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 kutoka Recife, Brazili, ulionyesha upande wa pili. Watoto wachuuzi (walikuwa watano tu, lakini matokeo yao yanafikirisha) walipatia takriban asilimia 98 ya hesabu walipokuwa wakiuza. Hesabu za aina hiyohiyo zilipoletwa kwenye karatasi zikiwa namba tupu, walipatia asilimia 37 hivi.

Kwa maoni yangu, kinachotuponza zaidi walimu ni kuwafundisha watoto kuwinda maneno: ukiona "zaidi", jumlisha, ukiona "kubaki", toa. Alama hupanda kwa muda, kisha linakuja fumbo kama hili: Dada ana penseli 8, ambazo ni 3 zaidi ya za kaka. Kaka ana ngapi? Aliyezoea kuwinda maneno atajibu 11. Aliyezoea kujiuliza kwanza ni nani mwenye nyingi atapata 5, hata kama anahesabu kwa vidole. Na vidole katika umri huu havina ubaya wowote, mwacheni avitumie.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la kugawanya 14 kwa 4. Kwenye daftari jibu ni 3, na kubaki 2. Sasa tuliweke katika mambo matatu. Watoto 14 wanasafiri kwa magari yanayobeba watoto 4 kila moja: yanahitajika magari 4, la sivyo wawili wataachwa. Penseli 14 zinafungwa nne nne: mafungu kamili ni 3. Karatasi 14 wanagawana watoto 4: kila mmoja anapata tatu na nusu, kwa kuwa karatasi hukatika. Hesabu ni ileile na majibu ni matatu. Hapo ndipo mtoto anapogundua kwamba yale mabaki mawili yanataka uamuzi wake, na daftari haliwezi kumwamulia. Msimharakishe. Achore magari, apange vijiti, abishane na mwenzake.

Mtoto akishapata jibu, mwombe alisimulie kwa maneno ya fumbo lenyewe: "magari manne", si "nne". Mwulize pia kama jambo hilo linawezekana. Wakati mwingine mpe fumbo lisilo na jibu, kama lile la nahodha, na umsifu akisema halijibiki.

Wazazi nao wasigeuze kila shughuli ya nyumbani kuwa mtihani. Mtoto huchoka upesi. Mpeni kazi yenye haja ya kweli. Mwambieni alete vijiko vya wote wanaokula, bila kumtajia idadi. Vikipungua, kuna mtu atakosa kijiko, na mtoto atarudi jikoni kuchukua vilivyopungua kabla hamjamwambia kitu.