Mpiga chapa si mchapishaji: dhana tunazozisikia Lamu kuhusu vitabu vya haki

Kila nikipita Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wa Lamu, na kijitabu changu cha kueleza watu haki zao mkononi, swali ni lile lile: "Umelipa ngapi kuchapishiwa?" Anayeuliza hana ubaya, amezoea kuona watu wakilipa. Lakini swali hilo limebeba dhana iliyowala waandishi wetu fedha nyingi, kwa hiyo naanza nayo.

"Mchapishaji ni mwenye mashine, nawe unamlipa."

Mwenye mashine ni mpiga chapa. Unampa faili, anakupa karatasi zenye wino, mnalipana, mmemalizana. Mchapishaji ni mtu mwingine kabisa. Husoma mswada akaukataa au akaupokea, akamlipa mhariri, akamlipa mchoraji wa jalada, akamlipa na huyo mpiga chapa, na kitabu kisiponunuliwa hasara ni yake. Mwandishi hatoi senti. Hupokea mrabaha, yaani fungu lake kwa kila nakala inayouzwa, mara nyingi kama asilimia 10 ya bei. Anayejiita mchapishaji kisha akakudai pesa ameshapata faida kabla msomaji hata mmoja hajakiona kitabu. Atahangaika kukiuza kwa sababu gani?

Mimi nililipa hivyo mara moja. Maboksi yalifika Mokowe kwa basi, yakavushwa kwa boti, punda akayapandisha hadi mlangoni. Nikafungua la kwanza palepale barazani. Ukurasa wa 32 ulifuatwa na wa 49. Kurasa kumi na sita, sehemu yote inayoeleza wavuvi wafanye nini wakizuiwa kufika baharini, hazimo. Nilipopiga simu nikaambiwa kazi niliikubali mwenyewe.

Mwandishi kujichapishia ni jambo halali na la heshima, mradi ajue kwamba kazi zote za mchapishaji sasa ziko mabegani mwake, na ya kwanza ni kutafuta mhariri. Mengine ni mepesi kuliko tunavyotishwa. Namba ya ISBN, inayokitambulisha kitabu kokote duniani, hapa Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa. Hakimiliki hainunuliwi: ukishaandika, sheria inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kuisajili husaidia kama ushahidi tu.

"Wachapishaji wadogo huokota makombo ya wakubwa."

Mwaka 1968 serikali ya Jamaica ilimzuia mwanahistoria Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana, kurudi kwenye kazi yake ya ualimu wa chuo kikuu. Jessica na Eric Huntley, mume na mke kutoka Guyana waliokuwa wakiishi London, waliungana na marafiki wakayatoa mazungumzo yake kwa kitabu mwaka 1969. Nyumba yao ya uchapishaji wakaiita Bogle-L'Ouverture. Mwaka 1972 ikashirikiana na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam kutoa kitabu cha Rodney kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Zaidi ya miaka hamsini imepita na kingali kinafundishwa vyuoni. Hayo ni makombo?

Vita Books nayo ilianza London mwaka 1986. Aliyeianzisha ni Shiraz Durrani, Mkenya aliyelazimika kuihama nchi, na vitabu vyake vinasimulia Mau Mau na vyama vya wafanyakazi.

Lakini tuwatendee haki hata wachapishaji wakubwa. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya karatasi ya kuikosoa serikali aliyoiandika mwaka 1968, *Kenya: Twendapi?*, iliyopita mkono kwa mkono bila mchapishaji wala jina la mwandishi. Mashairi aliyoyaandika gerezani juu ya karatasi za chooni, *Sauti ya Dhiki*, yalitolewa mwaka 1973 na Oxford University Press. Kwa hiyo ukubwa wa nyumba peke yake hausemi yote. Tuulize nani ana uamuzi wa mwisho juu ya mswada, na anamwogopa nani.

"Hayo ni mambo ya Nairobi, sisi hatuna ya kuandika."

Hii ndiyo inayonichoma. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wa Lamu walipwe takriban shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Mwaka 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira likafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa umepangwa kujengwa Lamu, mojawapo ya sababu ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hukumu zote mbili ni za Kiingereza cha mawakili. Aliyepoteza mahali pa kutegea nyavu anastahili kuisoma kesi yake kwa Kiswahili, kwa kitabu cha bei ya samaki wa chakula cha mchana.

Na kazi ya vitabu si ngeni kwetu. Siyu, kule kisiwani Pate, palikuwa na wanakili wa misahafu karne ya kumi na tisa, mafundi wa wino na wa kujalidi.

"Watu wa hapa hawasomi."

Wanasikiliza. Wakati wa kinyang'anyiro cha ubunge cha miaka ya 1970, mashairi ya Kimwondo yalienea Lamu kwa kanda za kaseti, upande huu ukitunga, upande ule ukijibu. Tenzi zetu tangu zamani husomwa kwa sauti, mmoja akisoma na nyumba nzima ikisikia. Anayehesabu wasomaji kwa nakala zilizouzwa Lamu atakosea hesabu.

Kijitabu changu cha pili nilikidurufu hapa hapa mjini, kurasa 40. Pini za stepla zilishika kutu upesi, chumvi ya bahari haina simile, na jalada likaanza kubanduka. Mjomba wangu akazing'oa moja moja, akatoa sindano yake ya kushonea matanga na uzi, akapitisha matundu matatu kwenye mgongo. Alishona nakala thelathini kati ya alasiri na magharibi, huku binti yake akimsomea alichokuwa akikishona. Akifika penye neno asilolipenda anamsimamisha: "Hapo rudia." Mawili kati ya maneno hayo nimeshayabadilisha.