Mteremko uliofyekwa: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Wengi huamini kwamba mteremko uliokatwa miti, ukipita misimu miwili mitatu ya mvua bila kuporomoka, uko salama na unaweza kupimwa viwanja. Ukweli ni kinyume chake. Mti ukikatwa, mizizi yake huendelea kuushika udongo huku ikioza polepole, na mteremko huwa dhaifu zaidi miaka kadhaa baadaye, mara nyingi kati ya mwaka wa 3 na wa 15, wakati mizizi ya zamani imeoza na mipya haijashika. Ukichimbua kando ya kisiki cha miaka mitano na kuvuta mzizi mwembamba, utakatika mkononi kama kijiti kikavu, ilhali ulipokuwa hai ungehitaji panga. Katika miaka hiyohiyo watu huwa wameshahamia, na anayeidhinisha ramani bila kuuliza ni uoto gani ulikuwapo hapo awali ana lawama kubwa, kwa maoni yangu, kuliko aliyeshika shoka.

Wapo pia wasemao kwamba mti ni mti, hivyo msitu wa asili ukigeuzwa shamba la miti hakuna kilichopotea. Mnamo Novemba 1988 mvua kubwa ilishuka kusini mwa Thailand, kwenye miteremko ambayo mingi ilikuwa imefyekwa na kupandwa miti ya mpira, ambayo ikiwa michanga mizizi yake haifiki mbali. Miteremko iliporomoka, matope na magogo yakafunika vijiji, mamia ya watu wakafa, na Januari 1989 serikali ikapiga marufuku uvunaji wa magogo katika misitu ya asili.

Kusema maafa ni kazi ya mvua peke yake ni kusema nusu ya habari. Freetown, Sierra Leone, tarehe 14 Agosti 2017, mvua ilikuwa kubwa kweli, lakini milima ilikuwa imevuliwa misitu na nyumba zimejengwa hadi kwenye mikondo ya maji. Sehemu ya mlima iliporomoka, mafuriko ya matope yakafagia nyumba, na zaidi ya watu 1,000 walikufa au kutoweka.

Hata hivyo, si kweli kwamba tukirudisha uoto mafuriko yatakoma. Uoto hupunguza mafuriko madogo na ya wastani. Udongo ukishashiba maji, msitu nao hauna tena pa kuyaweka. Kwa hiyo kupanda miti milimani hakuondoi haja ya kuyaachia mabonde ya mito matete na nyasi zake, wala ya kukataa kibali cha ujenzi humo, hata wakati wa kiangazi ambapo ardhi hiyo huonekana kavu, tambarare na tayari kwa msingi wa nyumba.